Siku ya saba: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa korona aliyesema "naendelea vizuri"

Mwanamume wa miaka 61, mwenye kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, hajachanjwa. Jioni moja koo linaanza kumwasha, usiku mwili unamuuma na usingizi hauji. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya ugonjwa wake. Katika kisa chote hiki hakuna namba iliyo na uzito kuliko hiyo, na hakuna aliyeiandika popote hadi siku ya nane.

Mgonjwa huyu ameundwa kwa ajili ya kufundishia, lakini mwenendo wa ugonjwa wake, vipimo vyake na makosa yaliyofanyika ni yale ambayo kila aliyewahi kuhudumu kwenye wodi ya UVIKO-19 atayatambua. Swali tunalolichambua ni hili: dalili za korona zinatuambia nini kuhusu mgonjwa atakavyoishia? Tunavyoona sisi, jina la dalili peke yake linasema kidogo sana. Kinachosema mengi ni siku ambayo dalili hiyo imetokea, inakoelekea, na mwili ulioipata.

Siku ya 1 hadi ya 6: dalili nyingi, taarifa chache

Siku ya pili homa ilifika nyuzi 38.4, kikohozi kikavu kikaanza. Siku ya tatu kipimo cha haraka kilionyesha ana virusi. Siku ya nne alinusa sabuni asisikie kitu. Siku ya tano homa ilishuka, na siku ya sita akasema anaendelea vizuri, ila chakula hakipandi.

Homa na kikohozi ndizo dalili zilizowapeleka watu wengi kupima, kwa hiyo zilisaidia kumtambua mwenye ugonjwa. Katika kumtambua atakayezidiwa, hazisaidii sana. Wanaopona nyumbani wanakohoa na wanaoishia kwenye mashine ya kupumulia wanakohoa pia. Kushuka kwa homa siku ya tano kulichukuliwa na familia kuwa dalili ya kupona, kumbe alikuwa akimeza parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita. Dawa hiyo hushusha joto bila kugusa kinachoendelea mapafuni. Chati ya homa isiyoonyesha saa za dawa haisomeki.

Kuhusu kunusa, familia ilifarijika. Walikuwa wamesikia kwamba anayepoteza uwezo wa kunusa haugui sana. Habari hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa tafiti kadhaa za wagonjwa waliolazwa zilikuta waliopoteza harufu wakifariki kwa uwiano mdogo kuliko wengine. Tatizo ni jinsi takwimu hizo zilivyopatikana. Anayeingia hospitali akihema sana haulizwi habari za harufu. Mzee mwenye tatizo la kumbukumbu hawezi kujieleza, na aliyewekewa mpira wa kupumulia hasemi kabisa. Kwenye faili zao panaandikwa "hapana" mahali ambapo ukweli ni "hakuulizwa". Halafu vijana ndio wanaolalamikia harufu zaidi, na vijana ndio wanaopona zaidi. Sehemu kubwa ya kinga inayodhaniwa kuletwa na dalili hii inatokana na umri wa wanaoitaja.

Kuna sababu ya kimwili pia ya kutoipa dalili hii uzito mkubwa. Kirusi hushambulia seli zinazotegemeza neva za kunusa ndani ya pua, kwa kuwa ndizo zenye vipokezi anavyovishika. Kilichotokea puani hakielezi kitakachotokea kwenye vifuko vya hewa vya mapafu siku nne baadaye. Isitoshe, dalili yenyewe hubadilika kadiri kirusi kinavyobadilika. Katika takwimu za Uingereza za watu waliochanjwa, waliopoteza harufu walikuwa asilimia 52.7 wakati wa Delta, na asilimia 16.7 tu wakati wa Omikroni. Kanuni iliyojengwa juu ya dalili moja mwaka 2020 huenda haikufaa tena mwaka 2022.

Yapo makosa mawili ya wiki hii ya kwanza ambayo yana uzito kuliko dalili zote hizo.

Kosa la kwanza ni dirisha lililoachwa lijifunge. Mtu wa miaka 61 mwenye kisukari ambaye hajachanjwa yuko kwenye hatari kubwa hata kama analalamikia koo tu. Dawa ya kumeza ya nirmatreliviri miligramu 300 pamoja na ritonaviri miligramu 100, mara mbili kwa siku kwa siku 5, inapaswa kuanza ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza. Kwa mwenye figo zilizopungua nguvu kiasi, nirmatreliviri hushushwa hadi miligramu 150, na kabla ya yote dawa nyingine anazotumia mgonjwa hukaguliwa moja moja, kwa sababu ritonaviri huzuia ini kuvunja dawa nyingi. Simvastatini ya kushusha lehemu, kwa mfano, lazima isimamishwe. Njia nyingine ni remdesiviri ya mshipani kwa siku 3 mfululizo, ikianzwa ndani ya siku 7. Mgonjwa wetu alikuwa na jibu la kipimo mkononi siku ya tatu. Alibaki nyumbani kwa sababu dalili zake zilikuwa "ndogo", ilhali dawa hizi zimekusudiwa watu wa aina yake hasa, wakati dalili zingali ndogo.

Kosa la pili lina madhara zaidi. Siku ya nne ndugu alimletea vidonge vya deksamethasoni, steroidi inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, akameza kwa siku mbili. Utafiti wa RECOVERY wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza vifo ndani ya siku 28 kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3 kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kutoka asilimia 26.2 hadi 23.3 kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia: waliopewa walifariki asilimia 17.8, wasiopewa asilimia 14.0. Tofauti hiyo ya mwisho haikufikia kiwango cha kuthibitisha madhara, lakini imetosha kuondoa sababu yoyote ya kumpa mtu dawa hii mapema. Wiki ya kwanza mwili unapigana na virusi wanaozaliana, na kuupunguzia kinga wakati huo ni kuwafungulia njia. Wiki ya pili kinga yenyewe ndiyo inayoumiza mapafu, na hapo dawa hiyo hiyo huokoa maisha. Kwa mgonjwa wetu, dawa hiyo ilipandisha pia sukari, kutoka milimoli 9 kwa lita hadi 19.

Siku ya 7: namba mbili ambazo hazikupatana

Asubuhi ya siku ya saba familia iliazima oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Ikasoma asilimia 95. Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani, akisema hana tatizo la kupumua. Wote wakatulia.

Jioni alifika muuguzi jirani. Kabla ya kugusa kifaa chochote alimhesabia pumzi kwa dakika nzima huku akijifanya anashika mapigo ya mkono, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadilisha namna anavyopumua. Alipata pumzi 26. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kungeweza kuleta 24 au 28, kutegemea umeanzia wapi. Pumzi zinahitaji sekunde 60 zote. Kisha alimtembeza hatua 40 chumbani, polepole, oksimita ikiwa kidoleni. Kutoka 95, oksijeni ilishuka hadi 90 na ikachukua dakika mbili kurudi. Mteremko wa asilimia 3 au zaidi baada ya mwendo mfupi kama huo ni onyo. Jaribio hili linamfaa tu mwenye namba nzuri akiwa ametulia. Anayesoma 92 au chini yake akiwa ameketi hatembezwi, anapelekwa hospitali.

Kwa nini hakuhisi kukosa hewa? Kiu ya kupumua huletwa zaidi na kujaa kwa kaboni dayoksaidi mwilini kuliko kupungua kwa oksijeni. Katika siku za mwanzo za nimonia ya korona, mapafu mara nyingi bado ni laini na hutanuka vizuri, na kaboni dayoksaidi, ambayo hupenya kuta za mapafu kirahisi kuliko oksijeni takriban mara 20, huendelea kutoka. Ubongo haupati kengele ya kutosha. Uzee na kisukari huipunguza kengele hiyo zaidi. Ndiyo maana "sina shida ya kupumua" kutoka kwa mgonjwa wa kisukari wa miaka 61 haiwezi kuchukuliwa kama kipimo. Familia ilipoulizwa maswali mengine, picha ilibadilika: alikuwa akipumzika njiani kwenda chooni, na alikuwa amefupisha sentensi zake tangu jana yake.

Oksimita nayo ina mipaka yake, na mmoja wao unawahusu moja kwa moja wasomaji wengi wa lugha hii. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha oksimita na kipimo cha damu ya ateri kwa wagonjwa ambao oksimita ilikuwa inasoma kati ya 92 na 96. Upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichika, yaani kiwango halisi chini ya 88, ulikutwa katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Kifaa husoma mwanga unaopita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huweza kukifanya kitoe namba ya juu kuliko ukweli. Kwa hiyo 95 ya mgonjwa wetu inaweza kuwa 95, na inaweza kuwa pungufu kwa kiasi kisichojulikana. Dawa ya tatizo hili ni kufuatilia mwelekeo wa mtu mwenyewe: kumpima mara tatu kwa siku, kidole kile kile, na kushtuka inaposhuka kutoka kiwango chake cha kawaida hata kama bado iko juu ya 94.

Namna ya kupima pia huharibu majibu. Kidole kiwe na joto, bila rangi ya kucha wala hina, mkono utulie kifuani, mgonjwa awe amepumzika dakika tano. Subiri hadi namba isimame, yapata dakika moja, ndipo uandike. Na angalieni vizuri ni namba ipi: kioo huonyesha oksijeni na mapigo ya moyo pamoja, na si mara moja tu watu wamefurahia 98 ambayo ilikuwa mapigo, huku 88 ya oksijeni ikiwa pembeni yake.

Siku ya saba si siku ya bahati mbaya tu. Katika wagonjwa 191 wa hospitali mbili za Wuhan waliochambuliwa mapema mwaka 2020, wastani wa kati wa kuanza kubanwa pumzi ulikuwa siku ya 7 tangu dalili ya kwanza, kuingia chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) siku ya 12, na kwa waliofariki, kifo siku ya 18.5. Aliyechoka sana siku ya pili na aliyechoka sana siku ya nane wana dalili ile ile kwa jina, lakini wa pili ndiye wa kupimwa usiku huo huo. Familia iliamua kusubiri hadi asubuhi.

Siku ya 8: kumpima mgonjwa badala ya kupima dalili

Alifika hospitali akiwa na oksijeni asilimia 88, pumzi 28 kwa dakika, fahamu kamili, yurea (taka ya damu inayochujwa na figo) milimoli 8.1 kwa lita, protini ya CRP, inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, miligramu 132 kwa lita. Picha ya kifua ilionyesha ukungu pande zote mbili, zaidi chini na pembeni.

Daktari wa zamu alitumia alama za 4C za kukadiria hatari ya kifo, zilizotengenezwa kutokana na makumi ya maelfu ya wagonjwa waliolazwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020. Umri wa 60 hadi 69 ni alama 4. Mwanamume, 1. Ugonjwa mmoja wa kudumu, 1. Pumzi kati ya 20 na 29, 1. Oksijeni chini ya 92 bila msaada, 2. Fahamu kamili, 0. Yurea kati ya 7 na 14, 1. CRP ya 100 au zaidi, 2. Jumla 12 kati ya 21, kundi la hatari kubwa linaloanzia 9 hadi 14, ambalo takriban mmoja kati ya watatu alifariki hospitalini.

Hapa watu hukosea kwa kuhesabu shinikizo la damu. Halimo kwenye orodha ya magonjwa ya alama hizi. Kisukari kimo, unene uliokithiri umo, ugonjwa sugu wa moyo, figo na mapafu yamo. Na tazama kisichokuwemo kabisa: hakuna homa, hakuna kikohozi, hakuna harufu, hakuna kuhara. Waliotafuta viashiria vya kifo miongoni mwa mambo mengi walibaki na umri, jinsia, magonjwa ya awali na namba zinazopimwa kitandani au maabara. Alama zenyewe zilijengwa kabla ya chanjo na kwa sehemu kubwa kabla ya deksamethasoni kuanza kutumika, hivyo kwa aliyechanjwa na kutibiwa vizuri leo huelekea kutia hofu kuliko inavyostahili. Zinafaa kuamua nani alazwe karibu na meza ya wauguzi. Hazifai kumwambia ndugu kwamba mgonjwa wake ana asilimia fulani ya kufa.

Dalili moja ya kusimuliwa bado ilikuwa na uzito katika tafiti nyingi, nayo ni kubanwa pumzi. Hata hiyo inahitaji tahadhari: kubanwa pumzi ndiko kunakomfanya mtu alazwe, kwa hiyo ndani ya wodi wanaobanwa wanakusanyika pamoja na wagonjwa wazito. Kama mgonjwa wetu angekuwa na miaka 82, tungeweka ya pili mezani, kuchanganyikiwa ghafla. Katika wazee 817 waliofika idara za dharura Marekani wakiwa na korona, asilimia 28 walikuwa wamechanganyikiwa, na miongoni mwao asilimia 37 hawakuwa na homa wala kubanwa pumzi. Mzee aliyesahau jina la mwanawe tangu jana anahitaji oksimita kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya 8 hadi ya 20

Matibabu yalianza na oksijeni ya kanula (mirija midogo ya puani) lita 4 kwa dakika, lengo likiwa kati ya asilimia 92 na 96. Deksamethasoni miligramu 6 mara moja kwa siku ilianzwa, safari hii kwa wakati wake. Enoksaparini miligramu 40 chini ya ngozi kila siku ili kuzuia damu kuganda, sukari kupimwa kila baada ya saa sita, insulini ikapandishwa kufuata namba. Antibayotiki haikuanzwa, kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa bakteria. CRP ya juu peke yake si ushahidi huo.

Usiku wa siku ya tisa kanula haikutosha, wala barakoa yenye mfuko ya lita 15. Siku ya kumi aliwekwa kwenye oksijeni ya kasi ya puani, lita 50 kwa dakika, mchanganyiko wa oksijeni asilimia 70. Wanaopanga huduma hii wapige hesabu hii kabla: mchanganyiko huo hula takriban lita 31 za oksijeni safi kila dakika, maana nyingine ni hewa ya kawaida. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 humalizika kwa saa tatu na nusu hivi. Pasipo bomba la oksijeni ukutani, mgonjwa mmoja hutumia mitungi saba kwa siku, na mtungi kuisha saa tisa usiku bila mwingine kando humuua mtu ambaye alama zilimpa nafasi ya kuishi.

Kipimo kilichoongoza maamuzi hapa ni ROX: gawanya asilimia ya oksijeni ya damu kwa sehemu ya oksijeni anayovuta, kisha gawanya tena kwa idadi ya pumzi. Kwake ilikuwa 92 gawanya 0.70, sawa na 131.4, gawanya 30, yaani 4.4. Ikifika 4.88 au zaidi, uwezekano wa kuepuka mpira wa kupumulia ni mzuri. Ikishuka chini ya 3.85 baada ya saa 12, timu ijiandae. Alikuwa katikati, pale ambapo kungoja bila kufanya kitu ni hatari.

Walimlaza kifudifudi akiwa macho, mto chini ya kifua, mwingine nyongani, mwingine chini ya miundi, kichwa kimegeuzwa upande. Namba zilisomwa dakika 15 baada ya kugeuka, si mara moja. Mapafu hubeba damu nyingi upande wa mgongoni, na mtu akilala chali sehemu hiyo hubanwa, akigeuka, hufunguka. Baada ya saa tatu alikuwa na oksijeni 95 kwa mchanganyiko wa asilimia 60, pumzi 26: ROX 6.1. Lengo likawa saa 8 au zaidi kwa siku, zikigawanywa kadiri alivyoweza kuvumilia. Kilichofanya afikishe saa hizo ni muuguzi aliyerudi kila mara kumsogezea mito na kumpa maji kwa mrija. Agizo lililoandikwa tu kwenye faili lisingemgeuza mtu.

Siku ya 13 mahitaji ya oksijeni yalianza kushuka, siku ya 16 akarudi kwenye kanula lita 2, siku ya 18 akaondolewa. Deksamethasoni ilifikisha siku zake 10 siku ya 17 na kusimamishwa, na muda mfupi baadaye likatokea jambo ambalo wodi nyingi husahau: insulini ilikuwa bado kwenye kipimo cha wakati wa steroidi. Alfajiri ya siku ya 19 sukari ilishuka hadi 3.1, akitoka jasho na kutetemeka. Ilionekana kwa sababu ratiba ya kupima kila saa sita haikuwa imefutwa. Insulini ikapunguzwa, na siku ya 20 akaruhusiwa baada ya kutembea dakika sita ukumbini bila kushuka chini ya 94.

Kuishi hakumalizi orodha ya matokeo. Shirika la Afya Duniani huhesabu hali ya baada ya UVIKO kwa dalili zinazoonekana kwa kawaida ndani ya miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, zinazodumu angalau miezi miwili na zisizoelezwa na kitu kingine. Hapa ndipo dalili za wiki ya kwanza zinaporudi kuwa na maana: waliokuwa na zaidi ya dalili tano katika wiki hiyo walielekea zaidi kubaki nazo muda mrefu. Mgonjwa wetu alikuwa amefikisha sita: koo, maumivu ya mwili, homa, kikohozi, kukosa harufu, kukosa hamu ya kula. Hazikutabiri kwamba angekuwa mahututi, lakini zilitosha kumpangia miadi ya wiki ya 12. Siku hiyo alipimwa tena kwa kutembezwa na kupigwa picha ya kifua, wakaangalia figo zake na wastani wa sukari wa miezi mitatu. Mapafu yalikuwa safi. Harufu ilikuwa imerudi nusu. Kupanda ngazi kulimchosha kuliko zamani ingawa oksijeni haikushuka, na alipangiwa mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo, akipunguza kila mara uchovu ulipozidi siku iliyofuata.